Mnara wa Taa Haumuliki Bahari

Nahodha aliye maili 15 kutoka pwani, usiku wa kiza totoro, akiiona taa ya mnara ikimweka pale bahari inapokutana na mbingu, haoni kitu kingine chochote kwa msaada wa taa hiyo. Haoni mwamba, haoni fungu la mchanga, haoni hata maji yaliyo mbele ya omo ya chombo chake. Mwanga unaomfikia ni mchache mno kumulika kitu. Lakini akihesabu mimweko kwa saa yake na kuilinganisha na ramani, baada ya muda mfupi anajua anatazama mnara upi, uko upande gani, na kwa hiyo yeye mwenyewe yuko wapi.

Mnara wa taa ni tangazo la mahali. Ukishalielewa hilo, historia yake yote inaanza kupangika. Kuwasha moto mahali pa juu binadamu aliweza zamani sana. Yaliyomshinda kwa karne nyingi ni mambo mengine: kuupeleka mwanga kule zilizoko meli badala ya kuuacha upotelee mawinguni, kuufanya usifanane na mwanga wa mnara jirani, na kuhakikisha hauzimiki hata usiku mmoja. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Nahodha aliyezoea kuitegemea taa fulani yumo hatarini zaidi siku isipowaka kuliko yule asiyekuwa na taa kabisa na anayejua kwamba hana.

Kimo na mviringo wa dunia

Mnara maarufu kuliko yote ya kale ulijengwa kwenye kisiwa cha Pharos, mbele ya bandari ya Alexandria nchini Misri, ukakamilika karibu mwaka 280 kabla ya Kristo, enzi za mfalme Ptolemy wa Pili. Kimo chake kilizidi mita 100. Sababu ya kujenga kitu kirefu kiasi hicho iko kwenye ardhi yenyewe: pwani ya Misri ni tambarare, haina kilima wala jabali la kumwambia baharia amefika wapi. Mnara ulifanya kazi mchana kama usiku, kwa kuwa alama pekee iliyoonekana kwa mbali katika pwani isiyo na alama. Ulisimama zaidi ya miaka 1,500, ukitikiswa na kutengenezwa mara kadhaa, hadi matetemeko ya ardhi ya karne ya 14 yalipoumaliza. Mwaka 1477 Sultani Qaitbay alijenga ngome palepale, na sehemu ya mawe ya mnara ikaingia kwenye kuta zake.

Warumi nao walijenga minara mingi katika himaya yao. Mmoja, ule wa A Coruña kaskazini-magharibi mwa Hispania, unaoitwa Mnara wa Hercules, bado unawaka hadi leo, ingawa kuta zake za nje zilifanywa upya katika karne ya 18.

Kwa nini kimo kina umuhimu? Kwa sababu dunia ni mviringo, na mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, ukiacha kupinda kidogo kunakoletwa na hewa. Kila taa ina mpaka ambao nguvu zake haziwezi kuuvuka, hata iwe kali namna gani. Mabaharia wana kanuni nyepesi ya kuupata mpaka huo: chukua kimo cha taa juu ya usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 2.08. Jibu ni umbali kwa maili za baharini. Taa iliyo mita 25 juu ya maji hufika maili 10.4, yaani kilomita 19 hivi. Ukitaka ifike mara mbili ya hapo, mita 50 hazitoshi. Unahitaji mita 100. Kimo lazima kizidi mara nne ili umbali uzidi mara mbili, na ndiyo maana minara mirefu sana ni michache: gharama hupanda haraka kuliko faida. Mtazamaji naye ana upeo wake. Aliyesimama mita 9 juu ya maji ana maili 6.2 zake mwenyewe, na hizo hujumlishwa kwenye zile za mnara.

Mabaharia wameigeuza hesabu hii kuwa kipimo. Taa inapochomoza kwa mara ya kwanza juu ya upeo, nahodha anakijua kimo cha taa kutoka kwenye orodha ya taa, anakijua kimo cha jicho lake mwenyewe, na kwa hiyo anaujua umbali. Hata kabla haijachomoza, usiku wenye unyevu hewani, mng'ao wake huonekana ukifagia angani, na mtu wa zamu huwa ameshajua upande wa kuangalia.

Mtu angeweza kudhani basi kwamba dawa ni kuipandisha taa juu ya kilele cha mlima. Ilijaribiwa Cape Point, Afrika Kusini. Mnara wa kwanza uliwashwa pale mwaka 1860 juu ya jabali, karibu mita 240 kutoka usawa wa bahari, na kwa hesabu niliyoieleza ulipaswa kuonekana kutoka mbali ajabu. Ila mawingu na ukungu hukaa kimo hichohicho. Mara nyingi bahari ilikuwa shwari na wazi chini, huku taa ikiwa imefunikwa juu. Aprili 1911 meli ya abiria ya Ureno iliyoitwa Lusitania (si ile ya Uingereza iliyozamishwa mwaka 1915) iligonga mwamba wa Bellows, karibu kabisa na rasi. Ndipo mnara mpya ukajengwa chini zaidi, taa ikiwa mita 87 tu juu ya maji. Ukiusoma mkasa huo unaelewa kwamba mnara mzuri ni ule unaoonekana wakati mbaya, na umbali wake siku ya hewa safi hauna maana kubwa.

Kujenga mahali ambapo bahari haitaki

Minara ya kale ilisimama nchi kavu, mara nyingi mlangoni mwa bandari. Ilisema "njoo huku." Meli zilipoongezeka na safari zikawa ndefu, ilihitajika minara ya kusema kinyume chake, "kaa mbali," na mahali pa kuiweka palikuwa juu ya miamba yenyewe, katikati ya maji.

Eddystone ni kundi la miamba lililo kilomita 20 hivi kutoka Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Maji yakijaa, karibu yote hufunikwa. Henry Winstanley, aliyewahi kupoteza meli hapo, alianza kujenga mnara juu yake mwaka 1696. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, na kazi ikiendelea alitekwa na Wafaransa. Mfalme Louis wa 14 aliamuru aachiwe arudi kazini, kwa kuwa mnara ule ungezifaa meli za mataifa yote. Taa iliwashwa Novemba 1698. Miaka mitano baadaye, Novemba 1703, Winstanley akiwa ndani ya mnara kwa matengenezo, tufani kubwa kuliko zote ambazo Uingereza inazikumbuka ilipiga usiku kucha. Asubuhi hapakuwa na mnara wala watu.

Wa pili, wa John Rudyard, ulijengwa sehemu kubwa kwa mbao, ukadumu tangu 1709 hadi 1755, ulipoungua. Mlinzi wake Henry Hall, mzee aliyezidi miaka 90, alikuwa akitupa maji juu kuelekea paa lililokuwa likiwaka, na madini ya risasi yaliyoyeyuka kutoka kwenye paa hilo yakamwingia kooni. Alipofariki siku kadhaa baadaye na kupasuliwa, pande la risasi lilikutwa tumboni mwake. Limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya taifa mjini Edinburgh.

Wa tatu ndio uliobadilisha kazi hii duniani kote. Mhandisi John Smeaton alitazama jinsi mti wa mwaloni unavyosimama: mpana chini, mwembamba juu, shina likijipinda taratibu kuelekea ardhini. Akajenga kwa umbo hilo. Mawe yake ya matale yalichongwa yakaumana, kila jiwe likiwa na jino linaloingia kwenye pengo la jirani yake, hata wimbi lisiweze kulichomoa moja bila kuchomoa mstari mzima. Alihitaji pia chokaa inayoshika ndani ya maji, akafanya majaribio hadi akagundua kwamba siri iko kwenye mawe ya chokaa yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake. Utafiti huo ni mmoja wa mizizi ya saruji tunayojengea leo. Mnara uliwashwa mwaka 1759 na haukuangushwa na wimbi lolote. Kilichouondoa zaidi ya miaka 120 baadaye ni mwamba uliokuwa chini yake, ambao bahari ilikuwa ikiula polepole. Sehemu ya juu ilibomolewa jiwe kwa jiwe ikajengwa tena ufukweni Plymouth, na kisiki chake bado kipo baharini kando ya mnara wa nne, uliowashwa mwaka 1882.

Robert Stevenson alilichukua somo la Smeaton akalipeleka mahali pabaya zaidi. Bell Rock, mashariki mwa Scotland, ni mwamba ambao maji yakijaa hauonekani kabisa. Alianza kazi mwaka 1807, na katika msimu wa kwanza mafundi waliweza kufanya kazi saa chache tu za maji kupwa kabla bahari haijarudi. Mapema Septemba mwaka huo, wakiwa 32 juu ya mwamba, meli yao ndogo ilikatika kwenye nanga ikachukuliwa na mkondo. Walibaki na mashua mbili zisizoweza kuwabeba wote, na maji yanapanda. Stevenson alieleza baadaye kwamba alipotaka kusema nao kinywa kilikuwa kimekauka hata ulimi haukugeuka. Akainama kunywa maji ya chumvi kwenye kidimbwi, na alipoinuka akasikia mtu akipiga kelele kwamba kuna mashua. Ilikuwa mashua ya rubani kutoka Arbroath, iliyokuja kuleta barua. Mnara uliwashwa Februari 1811 na umesimama hadi leo.

Pamoja na ustadi huo wote, kuna jambo la kushangaza. Juu ya mnara wa Smeaton, jengo bora kuliko yote ya aina yake katika zama zile, kilichokuwa kikiwaka ni mishumaa 24.

Kuukamata mwanga unaopotea

Mwali wa moto hutupa mwanga kila upande: juu, chini, nyuma, pembeni. Meli ziko kwenye ukanda mwembamba tu, karibu na upeo. Ukichukua ukanda wa digrii 3 juu na digrii 3 chini ya upeo kuzunguka pande zote, unapata asilimia 5 hivi ya mwanga wote. Asilimia 95 zinakwenda kwa ndege, kwa mawingu na kwa sakafu ya mnara. Kuongeza kuni au makaa ya mawe hakuponyi tatizo hilo, kwa sababu umbali ukizidi mara mbili mwanga unaofika hubaki robo, na hapo bado hujahesabu unaomezwa na hewa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupata mwali safi. Karibu mwaka 1780 Mswisi Aimé Argand alibuni taa yenye utambi wa mviringo ulio wazi katikati, hewa ikipita ndani na nje ya mwali, na chemni ya kioo ya kuvuta hewa hiyo juu. Iliwaka kwa nguvu na kwa moshi kidogo. Nyuma yake yakawekwa mabakuli ya shaba yaliyopakwa fedha, yenye umbo la kukusanya mwanga na kuurusha mbele. Yalisaidia, lakini metali inayong'aa humeza sehemu kubwa ya mwanga badala ya kuurudisha, na kila bakuli lilihitaji taa yake.

Aliyekifungua kifundo hiki ni Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara wa Ufaransa aliyetumia muda wake wa ziada kuthibitisha kwamba mwanga ni mawimbi. Mwaka 1819 aliingizwa kwenye tume ya minara ya taa. Alijua lenzi hupitisha mwanga vizuri kuliko bakuli linavyourudisha, ila lenzi kubwa ya kawaida ingekuwa nene, nzito, na kioo chake chenyewe kingekula mwanga. Akajiuliza ni sehemu gani ya lenzi inayofanya kazi. Mwanga hupinda kwenye uso wa kioo, pale unapoingia na pale unapotoka. Katikati unapita moja kwa moja. Unene huo wa katikati unaweza kuondolewa. Ukiikata lenzi kuwa pete, ukazisukuma pete zote nyuma hadi zikawa bapa huku kila moja ikibaki na mteremko wa uso wake, unapata lenzi nyembamba yenye nguvu ileile. Wazo la lenzi ya ngazi lilikuwa limewahi kumjia Buffon, Mfaransa mwenzake, katika karne ya 18, lakini Fresnel ndiye aliyeifanya ifae minara, kwa kuiunda kutoka vipande tofauti. Juu na chini ya pete hizo, mahali ambapo mwanga ungehitaji kupindishwa kuliko lenzi inavyoweza, mfumo uliotokana na kazi yake huweka miche (vipande vya pembe tatu) ya kioo inayourudisha mwanga kwa ndani na kuutoa nje ukiwa umelala sawa na upeo.

Lenzi yake ya kwanza iliwekwa mwaka 1823 kwenye mnara wa Cordouan, mlangoni mwa mto Gironde. Mabaharia waliiona kutoka zaidi ya kilomita 30. Fresnel alifariki miaka minne baadaye kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 39, na sidhani kuna wanafizikia wengi ambao kazi yao imeokoa watu wengi kiasi hicho kwa njia ya moja kwa moja kiasi hicho.

Lenzi hizi ziligawanywa kwa madaraja kulingana na umbali kutoka mwali hadi kioo. Daraja la kwanza, la minara mikuu ya bahari kuu, lilikuwa na umbali wa milimita 920 na kimo cha zaidi ya mita 2.5, umbo lake ni kama mzinga mkubwa wa kioo, na mtu mzima huweza kusimama ndani. Daraja la sita, la bandari ndogo, lilikuwa na milimita 150 tu.

Kila taa na sauti yake

Sasa mwanga unafika. Unasema nini?

Taa mbili zinazofanana kwenye pwani moja ni mtego. Nahodha akidhani yuko mbele ya mnara wa kaskazini kumbe yuko mbele ya ule wa kusini, atageuza sukani kwa uhakika kabisa kuelekea mwambani. Zamani walijaribu kutofautisha kwa kujenga minara miwili au mitatu pamoja, jambo la gharama kubwa. Stevenson pale Bell Rock aliweka vioo vyekundu kwenye fremu inayozunguka, taa ikaonyesha nyeupe na nyekundu kwa zamu, na mtambo uleule wa kuzungusha ukapiga kengele wakati wa ukungu. Lakini kioo chekundu huchuja sehemu kubwa ya mwanga, na nyekundu haifiki mbali kama nyeupe.

Jibu lililodumu ni muda. Lenzi ya Fresnel inaweza kutengenezwa kwa namna mbili. Ikiwa pete zake zimezunguka mwali kama pipa, mwanga hutoka kama bapa moja kila upande, na taa huonekana imewaka tu. Ikigawanywa kuwa paneli, kila paneli ikiwa na jicho lake, mwanga hutoka kama mikono kadhaa mirefu. Ukiizungusha lenzi, kila mkono ukimpitia nahodha yeye huona mmweko, kisha giza. Taa yenyewe ndani haizimiki wala haizunguki. Lenzi yenye paneli 8 ikikamilisha mzunguko kwa sekunde 40, meli itaona mmweko kila sekunde 5. Paneli zikisogezwa mbili mbili, mimweko huja jozi jozi. Kwa hiyo utambulisho wa mnara umeandikwa kwenye mpangilio wa vioo vyake.

Kwenye ramani za bahari utambulisho huo hufupishwa. Ukikuta Fl(2) 10s 41m 17M, umeambiwa kwamba taa humweka mara mbili katika kila sekunde 10, iko mita 41 juu ya maji, na huonekana maili 17 hewa ikiwa nzuri. Zipo taa zinazofanya kinyume, zikiwaka muda mrefu na kuzima kidogo, na zipo ambazo muda wa kuwaka na wa kuzima ni sawa. Taa isiyobadilika kabisa siku hizi haiwekwi sana mahali muhimu, maana hupotea katikati ya taa za mji.

Rangi haikuachwa. Inatumika kugawa bahari. Mnara mmoja huweza kuonyesha nyeupe juu ya mkondo salama na nyekundu juu ya miamba, kwa vioo vilivyowekwa kwa pembe kamili. Nahodha akiona nyeupe imegeuka nyekundu, hana haja ya kupima chochote. Ametoka kwenye njia. Mahali pengine huwekwa taa mbili, moja nyuma na juu ya nyingine, na chombo kikikaa katikati ya mkondo zinaonekana zimepangana wima.

Mchana rangi ya jengo huchukua zamu. Pwani ya North Carolina, Marekani, ni ndefu na tambarare, na minara yake ina maumbo yanayokaribiana. Cape Hatteras umechorwa mistari myeusi na myeupe inayozunguka kwenda juu, Bodie Island una mikanda ya kulala, Cape Lookout una madoa ya umbo la almasi.

Waliokaa ndani

Lenzi ya tani kadhaa lazima izungushwe bila kukwama. Mtambo ulikuwa kama wa saa, ukiendeshwa na uzito unaoshuka taratibu ndani ya mnara, na kila baada ya saa chache mtu alipaswa kuupandisha tena kwa mkono. Mwishoni mwa karne ya 19 Wafaransa walianza kuiweka lenzi juu ya beseni la zebaki. Ikaelea, na kidole kimoja kikatosha kuisukuma. Mzunguko ukawa wa kasi, mimweko ikawa mifupi na mikali. Mvuke wa zebaki ni sumu, na waliouvuta ni walinzi waliolala na kula ghorofa chache chini ya beseni hilo.

Zamu ya usiku ilikuwa ya kukata tambi, kufuta masizi kwenye kioo, kujaza mafuta, kupandisha uzito, kuandika kitabu cha kumbukumbu. Mafuta yalibadilika kwa vizazi: ya nyangumi, ya mbegu, kisha mafuta ya taa, na mwanzoni mwa karne ya 20 taa za presha zenye vazi linalong'aa, teknolojia ileile ya karabai. Wajibu haukubadilika.

Kisa ninachokiona kizito kuliko vyote ni cha mnara wa Smalls, magharibi mwa Wales, mwanzoni mwa karne ya 19. Walinzi walikuwa wawili, na inasimuliwa kwamba watu waliwajua kwa kugombana. Mmoja alifariki kwa ajali au maradhi wakati dhoruba imezuia mashua kufika. Mwenzake aliogopa kwamba akiutupa mwili baharini ataambiwa ameua. Akautengenezea sanduku, akalifunga nje ya mnara, akaendelea kuwasha taa kila usiku kwa wiki nyingi. Meli zilipita, zikaona taa inawaka kama kawaida, na kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba kuna shida. Baada ya hapo ikawa kanuni minara ya baharini iwe na walinzi watatu. Watatu walikuwa pia kwenye visiwa vya Flannan, Scotland, Desemba 1900, na wote walitoweka. Meli iliyopita usiku ilikuta kiza mahali pa taa, na mashua ya kupokezana zamu ilipofika siku kadhaa baadaye ilikuta mnara mtupu.

Kitu ambacho mlinzi hakukiweza ni ukungu. Hapo mwanga hufa, na kilichobaki ni sauti: mizinga, kengele, baadaye honi zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Sauti nayo hupinda na kupotea kwenye ukungu. Mwaka 1875 meli ya Kijerumani Schiller iligonga miamba karibu kabisa na mnara wa Bishop Rock, visiwa vya Scilly, katika ukungu mzito, na zaidi ya watu 300 walifariki.

Mnara bila mtu

Gustaf Dalén wa Sweden alibuni mwaka 1907 kifaa kisicho na saa wala umeme. Ni nguzo nyeusi ya chuma iliyozungukwa na nguzo zinazong'aa. Kukipambazuka, ile nyeusi humeza mwanga, hupata joto na kutanuka kuliko zile nyingine, na tofauti hiyo ndogo hufunga mlango wa gesi ya asetilini. Jua likitua hupoa na kusinyaa, gesi hupita, taa huwaka. Minara ikaweza kuachwa peke yake kwa miezi. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912, mwaka uleule aliopoteza macho yote mawili kwa mlipuko wa gesi hiyo akiwa kwenye majaribio.

Umeme ulimalizia kilichobaki. Ulijaribiwa kwenye mnara wa South Foreland, Uingereza, mwaka 1858, Michael Faraday akiwa mshauri, lakini ulichukua miongo mingi kuenea. Urusi ya Kisovieti iliwasha mamia ya taa katika pwani yake ya Aktiki kwa mitambo midogo ya nyuklia yenye strontiamu, na kuisafisha mitambo hiyo imekuwa kazi kubwa na ya hatari. Eddystone ilibaki bila mlinzi mwaka 1982; mnara wa mwisho wa Uingereza kuondolewa walinzi ulikuwa North Foreland, mwaka 1998. Leo taa nyingi ni za LED zinazotumia umeme wa jua, na lenzi kubwa za kale zinateremshwa kupelekwa makumbusho. Mikono ya mwanga iliyokuwa ikifagia bahari inapungua, kwa kuwa LED humweka kwa kuwashwa na kuzimwa. Nasikitika, ingawa naelewa kuondoa zebaki ilikuwa lazima.

Je, katika zama za GPS minara ina kazi gani? Nadhani kazi yake ni ileile, na wanaotaka izimwe yote ili kuokoa fedha wanakosea. Ishara za GPS husafiri kilomita 20,000 kutoka kwenye setilaiti na hufika zikiwa dhaifu mno. Kifaa kidogo cha kuzivuruga huweza kuzifuta katika eneo kubwa, na zinaweza pia kughushiwa, kioo kikamwonyesha nahodha mahali asipokuwepo. Mnara haughushiki kirahisi hivyo. Baharia huchukua dira, akapima pembe ya mnara mmoja, kisha wa pili, akachora mistari miwili kwenye ramani, na pale inapokatana ndipo alipo. Akiupata mnara wa tatu na mstari wake ukapita mbali na makutano hayo, anajua mojawapo ya vipimo ina kasoro na anarudia. Yote hayo huyafanya kwa jicho lake, bila kutegemea mtambo ambao hawezi kuukagua mwenyewe.